Starehe

Mtumishi wa serikali katika Tanzania akisema kwamba anakwenda likizo, watu humwelewa kuwa anakwenda kwao. Haendi kupumzika. Anakwenda kumwona mama, kufyeka makaburi, kuamua shauri la mpaka wa shamba, kumaliza deni la harusi ya mwaka jana na kuingia katika deni la harusi ya mwaka huu. Hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na wenzake humsifu, kwa kuwa uchovu huo ni ushahidi kwamba hakuwatupa ndugu zake. Mtu atumiaye likizo kwa kula, kunywa na kutazama mji asio na jamaa ndani yake huitwa mtu wa starehe, na jina hilo si sifa. Ndani yake mna harufu ya fedha iliyotupwa na ya mtoto asiyelipiwa ada.

Mwezi wa Juni 2022 walimu wawili wa Songea, mume na mke, waliivunja desturi hiyo kwa muda wa siku tano. Ndoa yao ilikuwa na umri wa miaka 22. Mume alisomesha hesabu na mke alisomesha Kiswahili, na kwa sababu walijuana katika chumba cha walimu kabla ya kujuana mahali pengine popote, waliitana Mwalimu hata nyumbani, mbele ya watoto na mbele ya wakwe.

Safari yao haikutokana na wingi wa mali. Ilitokana na ahadi. Mwaka uliotangulia mke alipasuliwa uvimbe katika titi, ikawapasa kungoja majibu ya maabara kwa majuma mawili. Katika majuma yale hakulia wala hakulalamika. Usiku mmoja alisema neno moja tu: kwamba kwa miaka 19 amewafundisha watoto wa Ruvuma kuwa Kiswahili cha mjini Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, naye hajapata kukisikia mahali kilipozaliwa, amelisema jambo hilo kila mwaka kama mtu asimuliaye habari za mwezini. Mume akamwambia, ukipona tutakwenda. Majibu yalikuja ya heri. Ahadi ikabaki inadai.

Lakini kulikuwa na ahadi nyingine, kongwe kuliko hiyo. Mama mzazi wa mume alikaa kijijini katika nyumba iliyooza paa, na mwanawe alikuwa amemwahidi mabati 40. Hivyo ahadi zilikuwa mbili na mfuko ulikuwa mmoja. Mwenye kudhani kwamba shauri la namna hii huamuliwa kwa upendo peke yake hajapata kuishi kwa mshahara. Waliamua kwa hesabu: kwanza Unguja, kwa gharama iliyo ndogo kabisa, mabati baadaye, kabla ya mvua za Desemba. Mume alinunua daftari dogo la mistari. Kila senti iliyotoka aliiandika upande wa kushoto, kisha kando yake akaigeuza kuwa bati. Nauli ya boti kwa watu wawili, kwenda na kurudi, ilikuwa mabati manne. Chumba katika nyumba ya wageni ya Malindi kilikula bati moja na robo kila usiku. Mke alipoliona jambo hilo hakukasirika. Aliomba tu upande wa kulia wa daftari uachwe wazi, kwa kuwa naye alikuwa na mambo ya kuandika.

Upande wa kulia ulianza kujaa tangu bandarini. Kijana mmoja aliyebeba mizigo alisema mdogo wake yuko skuli. Mwanamke mwuza mboga alinadi tungule, na mume akatazama huku na huku asione kitu ila nyanya. Mke aliandika: skuli, tungule. Aliandika kwa mkono wa haraka, kama mtu aokotaye fedha njiani akihofu mwenyewe atarudi. Maneno haya aliyajua vitabuni, na wanafunzi wake waliyakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini kulijua neno kitabuni na kulisikia likitumika kuuzia mboga ni mambo mawili mbalimbali.

Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, hautembeleki kwa ramani. Vichochoro vyake vilipita kati ya kuta ndefu ambazo karibu zinagusana, na mgeni aliyedhani anakwenda baharini hujikuta sokoni. Walimu hawa walipotea mara tatu siku ya kwanza, na kupotea huko hakukuwa na gharama, jambo lililompendeza mume. Walitazama milango iliyonakshiwa na kupigwa misumari ya shaba. Walisimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, wakaona uzio na magofu, maana sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, ikaua watu wawili. Mume, ambaye mawazo yake yote yalikuwa juu ya mapaa, alilitazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu.

Jioni waliteremka Forodhani. Bustani ile iko kati ya Ngome Kongwe na bahari, na jua likizama wauzaji hupanga meza zao, wakawasha taa, na moshi wa makaa ukatanda juu ya vichwa vya watu. Palikuwa na pweza na ngisi, mishikaki ya nyama na ya samaki, mihogo ya kuchoma, mikate ya ufuta, na chapati nyembamba zilizofungwa nyama ya kusaga na mayai ambazo kwa ajili ya wageni huitwa piza. Vijana wa mji walikuwa wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja kichwa chini, mwingine amekunja magoti, nao watazamaji wakawashangilia. Wauzaji waliwaita Wazungu kwa lugha nne. Walimu hawa hawakuitwa kwa lugha yoyote mpaka mke alipouliza bei. Hapo mwuzaji aliinua uso, akasema, "Kumbe mama ni wa bara! Karibuni, karibuni wageni wetu." Mke alisimulia baadaye kwamba neno hilo lilimfurahisha na kumchoma pamoja. Alikuwa mgeni wa lugha aliyoisomesha.

Walikunywa maji ya miwa. Mashine ilizungushwa kwa mkono, na kila mara mwuzaji alipokunja muwa kuupitisha tena aliweka katikati yake ndimu na kipande cha tangawizi, vikasagika pamoja. Utamu wa muwa peke yake huchosha. Ndimu huukata, na tangawizi huubakiza kooni. Mume alikunywa bilauri mbili, akaandika bilauri mbili, kisha kwa sauti ndogo akasema zile bilauri zilikuwa misumari ya bati tu, si bati lenyewe.

Chakula kilichoharibu hesabu yake kilikuwa urojo. Walikipata mchana wa siku ya pili katika kibanda chenye benchi mbili. Bakuli lilikuja na maji mazito ya rangi ya manjano, yenye uchachu wa embe bichi, na ndani yake viazi, bajia za dengu, kachori, yai na vipande vya mshikaki. Juu yake chatne ya nazi, pilipili, na chipsi nyembamba za muhogo ambazo zilianza kulainika kabla ya kufika mdomoni. Mume alilitazama bakuli kama mtahini atazamavyo jibu lisilo na njia. Aliuliza kama hicho ni chakula, au mchuzi, au uji. Mke akamwambia jina lenyewe limekwisha kujibu: kitu cha rojorojo, basi. Alikula kwa mashaka vijiko vitatu, na kijiko cha nne alikula kimya, na bakuli lilipokwisha aliagiza la pili bila ya kuuliza bei. Jioni daftari lilionyesha: urojo, bakuli tatu, karibu theluthi ya bati. Kando yake, upande wa mke, palikuwa na neno urojo na mstari chini yake.

Si sahihi kusema kwamba chakula cha mji ni jambo dogo karibu na majumba yake. Jumba hutazamwa na kila mtu kwa namna ile ile, lakini chakula huingia ndani ya mwili, na humo hukutana na chakula alichokizoea mlaji tangu utotoni, vikashindana. Katika bakuli lile bajia zilikuwa na asili ya Bara Hindi, muhogo ulikuwa umetoka Amerika kwa njia ya Wareno, nazi ilikuwa ya pwani, na anayekula alikuwa Mngoni aliyelelewa kwa ugali. Hapakuwa na mahali pengine mjini ambapo habari hizo zote zilipatikana kwa fedha kidogo vile.

Asubuhi ya siku ya tatu walikwenda Mkunazini, lilipo kanisa kuu la Kianglikana. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, nalo lilijengwa juu ya kiwanja cha soko lenyewe. Husemwa kwamba altare iko mahali uliposimama mti wa kuchapia. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, na mke alipoliona jina lile alijongea karibu, kwa kuwa Steere ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Unguja na kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Upo pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Haya mke aliyatazama kama mtu aliyefika nyumbani kwa waalimu wa waalimu wake.

Mume alibaki nje. Uwanjani kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Viko pia vyumba vya chini, vyenye dari fupi, ambavyo wageni huonyeshwa kuwa magereza ya watumwa. Wako wanahistoria wanaotilia shaka jambo hilo, wakisema vilijengwa baadaye na wamisionari. Lakini soko halina shaka. Wala haina shaka habari ya njia: wengi waliouzwa pale walitoka katika nchi za Ziwa Nyasa, wakateremshwa mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini. Nchi hizo ndizo nchi za Ruvuma. Watu wale watano wa jiwe walikuwa na nyuso ambazo mume alikuwa akizikuta kila siku ya gulio. Daftari lilikuwa mkononi. Mke alipotoka alilikuta limefunguliwa na hapakuwa na kitu kilichoandikwa.

Mchana ule waliketi kula pilau, na mume hakuweza. Alisema hivi: mashamba ya karafuu yaliyoutajirisha mji huu katika karne ya kumi na tisa yalilimwa na watu wale wa shimoni, majumba waliyokuwa wakiyastaajabia tangu juzi yalijengwa kwa fedha ile, na sasa yeye, mjukuu wa nchi walikotoka, amekuja kwa fedha ya paa la mama yake kuitafuna karafuu ile ile na kusema ni tamu. Hoja hiyo haikuwa ndogo, na mke hakuidharau. Alinyamaza kidogo, akichambua katika sahani yake iliki, mdalasini, pilipili manga, na bizari ambayo mpishi aliiita uzile. Kisha akasema, "Mwalimu, waliozichuma hawakuketi kuzila. Mimi nimeketi. Nikiacha sahani hii, nimemrudishia nani?" Akala. Baada ya muda mume naye akala, si kwa furaha, lakini alimaliza. Hawakukubaliana siku ile, na yamkini hawajakubaliana mpaka leo. Na kwa kweli wako wasomi waliozeeka juu ya swali hilo pasipo kulipatia jibu ambalo lingewatosha wote wawili mezani.

Alasiri yake walitembea bila ya neno, mpaka miguu ikawaishia. Karibu na Kajificheni waliona baraza ndefu ya saruji mbele ya nyumba moja, wakaketi. Hawakujua ya nani. Mlango ukafunguka, akatoka mzee mmoja mwenye kofia nyeupe na kanzu, na walimu wote wawili wakasimama kwa ghafula kama watoto waliokamatwa juu ya mwembe wa jirani. Mzee akashusha viganja vyake chini, akasema, "Starehe, starehe."

Mume alibadilika uso. Kwa masikio ya bara alikuwa ametajwa kwa jina ambalo alikuwa akilikimbia tangu Songea. Akaanza kujieleza: kwamba wao si watu wa starehe, kwamba ni walimu, kwamba wamekuja kwa siku tano tu, na kwamba mama yake atapata mabati kabla ya mvua. Mzee alimsikiliza kwa adabu yote, akiwa amestaajabu. Mke ndiye aliyeanza kucheka. Akamshika mume mkono, akamketisha, akamwambia, "Anasema tusiinuke, Mwalimu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kupumzika, na kamusi za zamani ziliandika kwamba pwani ni neno la adabu, aambiwalo mtu atakaye kuinuka kwa ajili ya mwingine: kaa ulivyokaa, usijisumbue. Bara lilipofika lilibaki na anasa yake na kupoteza adabu yake. Mke alikuwa ameliona neno hilo kamusini mara nyingi, pamoja na maelezo yake, na hakupata kulitilia maanani. Huo ni upungufu wa kamusi zote, hata zilizo bora: hueleza maana, lakini haziwezi kushusha viganja.

Mzee alipofahamishwa jambo lenyewe alicheka mpaka akaketi naye. Akamwita mwuza kahawa aliyekuwa akipita na birika lake, na vikombe vidogo vikajazwa kahawa chungu yenye tangawizi, pamoja na kashata. Akawauliza habari za Songea, na kama kuna mvua, na kama mahindi yamekubali. Akauliza bei ya bati huko kwao, akasema kwao ni ghali zaidi kwa sababu ya boti. Mume akatoa daftari, wakapiga hesabu pamoja kwa muda wa nusu saa. Mzee alikataa kulipiwa kahawa. Kwa hiyo katika daftari kahawa ile haipo upande wa kushoto; iko upande wa kulia, kwa mwandiko wa mume, neno moja.

Usiku huo simu ya mume ililia, na aliyepiga alikuwa mama yake. Mume alitoka hadi ngazini kuipokea. Mama hakuuliza habari za paa. Aliuliza kama bahari ni kubwa kweli, na kama wamepata chakula huko. Mume akajibu kwamba wanakula vizuri, ugali na dagaa. Mke aliyekuwa nyuma yake aliichukua simu, akasema, "Shikamoo mama. Anakudanganya." Akamhesabia: urojo, pweza, pilau, maji ya miwa, kahawa ya mzee. Mama alicheka, akataka kila kimoja kirudiwe na kielezwe, na pweza alielezwa mara mbili, kwa sababu hakuamini kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kukila kiumbe chenye mikono minane. Mwishoni alisema nyumba ingali inasimama na kiangazi ni kirefu, ila wasisahau. Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti nyingine.

Siku ya nne ilikwisha kwa mambo madogo: madafu, usingizi wa mchana, na jioni taarabu waliyoisikiliza wakiwa wameketi mwisho kabisa. Mke alikuwa amewasomesha wanafunzi *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, akawaeleza jinsi mwanamke aliyetembeza vyungu vya kuuza alivyofika Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Kanuni ilipoanza kulia, aliliegemea bega la mume mbele za watu, jambo ambalo Songea asingalilifanya. Mume alikaa alivyokaa.

Asubuhi ya kuondoka walipita Darajani kununua halua. Mwuzaji aliichota kwa kijiko kikubwa, nyeusi na yenye kung'aa, iliki ikinukia, akaipakia katika kikapu kidogo cha ukili, akapima, kisha akaongeza kipande juu ya mizani. Mume alilipa. Alifungua daftari akaandika: halua ya mama, kikapu kimoja, na bei yake. Mke alingoja aone itakuwa bati ngapi. Mume alifunika kalamu, akakipakata kikapu, wakashika njia ya bandarini kwa kuwa boti ilikuwa ya saa tatu.